Goti Nililotilia Sahihi

"Nani mkubwa hapa?"

Swali hilo nimeulizwa tangu nina miaka kumi na minne. La kwanza niliulizwa na mwalimu aliyekuja nyumbani kujua kwa nini sionekani darasani. Mama alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia, na baba alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla yake. Nilikuwa darasa la saba. Nikamjibu, "Mimi," na nikijibu hivyo nilikuwa nimempakata mdogo wangu wa mwisho, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama. Shuleni sikurudi tena. Baada ya hapo nimejibu hivyo kwa chifu, kwa nesi wa chanjo, kwa watu wanaoandikisha majina ya msaada mafuriko yanapotufukuza mashambani. Sijawahi kulijibu swali hilo nikiangalia chini.

Kwa hiyo daktari wa mifupa alipotoka na picha ya eksirei mkononi, akauliza kwenye ukumbi uliojaa watu, "Nani mkubwa wa huyu msichana?", nilisimama kabla baba mdogo hajakohoa.

Lakini nianze pale mguu ulipovunjika.

Mdogo wangu huyo wa mwisho, sasa ana miaka kumi na saba, alikuwa anarudi nyumbani kwa likizo fupi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Mtu yeyote anayeijua njia inayoacha lami karibu na Garsen na kushuka kuelekea mtoni anajua udongo wetu ukilowa ukoje. Ni mweusi, unanata na unateleza kwa wakati mmoja. Pikipiki aliyopanda ilianza kuyumba, naye akafanya kile ambacho kila mmoja wetu angefanya: akateremsha mguu wa kushoto kuizuia. Mguu ukazama, ukashikwa pale kama kigingi, na pikipiki, mwendeshaji na sanduku la shule vikamwangukia kwa ubavu. Mguu haukuwa na pa kukimbilia. Goti ndilo lililopasuka.

Mwendeshaji hakuumia hata ukucha. Sanduku nalo halikufunguka.

Kijiji chetu kiko ng'ambo, upande wa mashamba ya mpunga na ndizi, na mwenye mtumbwi unaotuvusha ni baba mdogo, ndugu wa baba yetu. Yeye ndiye aliyefikiwa kwanza. Badala ya kumrudisha msichana barabarani, alimlaza kwenye mtumbwi akamvusha nyumbani. Sikumlaumu. Kwetu mtu akiumia huletwa nyumbani kwanza, watu wamwone, ndipo yasemwe mengine.

Nilitoka shambani mbio. Nilimkuta kwenye mkeka, goti limevimba mpaka limepoteza umbo, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Akaniona nilivyofungua mdomo.

"Dada, usipige kelele," alisema. "Sanduku limepona."

Baba mdogo alikuwa ameshamtuma mtu kwa mzee wa mifupa. Mzee huyo ni Mworma, mfugaji, anakaa upande wa malisho, na sina la kumsema vibaya. Mkono wangu mwenyewe aliufunga nilipokuwa mtoto, na leo ninainua ndoo kwa mkono huohuo. Alifika alasiri, fimbo kwapani, na bunda lake la fito na kanda za ngozi. Akasalimia, akaomba maji ya kunawa, akachuchumaa. Alianza kushika pajani, akashuka polepole. Alipofika gotini aliweka kiganja kizima, akasukuma kidogo tu, na kitu kikalia mle ndani kama changarawe kwenye kibuyu. Mdogo wangu aliuma ukingo wa leso yake. Mzee akashuka hadi unyayoni, akaushika kuona kama una joto, akamwambia achezeshe vidole. Vikacheza. Akashukuru Mungu, kisha akaanza kulifunga tena bunda lake.

"Mzee, mbona wafunga?" baba mdogo akamuuliza.

"Mimi nafunga mfupa iliyovunjika katikati," alisema mzee kwa Kiswahili chake cha kuvukia. "Hii imevunjika pahali pa kukunja. Nikifunga itashika, lakini itashika kama fito. Mtakuwa na msichana ya mguu ya fito. Peleka hospitali."

"Hospitali! Na ng'ombe wako akivunjika goti, wewe wamfanyaje?"

Mzee alikaza kanda ya bunda lake.

"Nachinja," alisema.

"Mimi nachagua hospitali," mdogo wangu akasema kutoka mkekani.

Nilifikiri hapo maneno yamekwisha. Hayakwisha. Mzee alipoondoka, baba mdogo alisema huyu amezeeka, mikono yake imechoka, kuna mwingine Madogo ambaye ana dawa ya kuvuta mfupa urudi mahali pake. Madogo! Kutoka kwetu ni kupanda juu kuufuata mto siku nzima kwa gari, na goti linavimba. Nikamwambia hakuna Madogo, tunavuka sasa hivi tukatafute gari la kwenda hospitali.

"Mtumbwi ni wangu," alisema.

"Na mtoto ni wangu," nikasema.

Alitaka nimwombe. Nilijua hivyo kwa namna alivyosimama, ameshika kafi mbele yake kwa mikono miwili. Sikumwomba. Niliita majirani wawili, tukamwinua msichana na mkeka wake, tukaanza kuteremka ukingoni, ile ngazi ya udongo tuliyoichonga wenyewe kwa jembe, na nilikuwa nimeazimia kuupiga kafi mtumbwi huo kwa viganja vyangu ikibidi. Baba mdogo akatufuata. Akapanda, akakaa nyuma, akatuvusha hadi ng'ambo. Hilo nalo lazima niliseme kwa sababu ni kweli.

Hospitali ya kwanza ilimpiga picha, ikamfunga plasta ya upande mmoja, ikatupeleka Malindi. Huko ndiko nilikoulizwa nani mkubwa.

Daktari alikuwa mdogo kwangu kwa umri. Aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha akanionyesha. Mfupa wa muundi, alisema, juu kabisa una uso bapa kama meza, na mfupa wa paja unakaa juu ya meza hiyo. Ya mdogo wangu ilikuwa imepasuka, na upande wa nje umezama. Niliona. Mtu hahitaji cheti kuona meza iliyozama upande mmoja.

"Tukiiacha hivi, itashika hivi," alisema. "Goti litaelekea pembeni na litakuwa linauma kila akikanyaga. Nataka nifungue, niinue kilichozama, nijaze pengo lililo chini yake, kisha nishike kila kitu kwa hiki."

Akatoa kwenye droo kipande cha chuma cha kuonyeshea watu. Kilikuwa bamba jembamba, urefu wa shibiri moja, limepinda juu kufuata umbo la mfupa, lina matundu ya skrubu kutoka juu hadi chini. Niliomba nilishike. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani. Nilikunja vidole juu yake nikajaribu kulipinda, akanitazama tu.

"Lini?" nikauliza.

"Ngozi ikikunjamana."

Nilidhani ananitania. Akanipeleka hadi kitandani, akafungua bandeji. Ngozi ilikuwa imevutika, inang'aa, ina malengelenge mawili. Alisema akiipasua ikiwa hivyo haitafungika tena vizuri, na kidonda kikioza na chuma kiko ndani, itakuwa balaa. Inabidi uvimbe ushuke mpaka ngozi ifanye mikunjo midogo kama ya mkono wa mtu aliyekaa sana kwenye maji. Ikifika hapo, atapasua.

Basi nikasubiri mikunjo. Mimi ni mkulima wa mpunga, najua kusubiri maji yashuke. Mto ukifurika huwezi kuukemea. Unasimama kwenye ukingo wa shamba lako kila asubuhi, unatazama alama ya jana kwenye shina la mgomba, unarudi nyumbani. Kila asubuhi nesi alipofungua bandeji nilikuwa pale, nimeinama, natafuta mkunjo mmoja. Siku ya nne hakuna. Siku ya tano hakuna. Siku ya sita niliona mmoja karibu na kifundo cha mguu, nikamwita nesi kwa furaha, akasema huo si wa goti.

Siku ya saba alikuja baba mdogo. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne, ili waelewe amekuja kwa jambo. Sisi ukoo wetu umechanganyika, wengine kanisani, wengine msikitini, na mtu akitaka kuheshimiwa huvaa alichonacho.

"Siku saba!" alisema, na wadi nzima ikanyamaza. "Siku saba wanamtazama tu kama samaki wa gengeni. Inuka, mwanangu. Gari liko nje. Yule wa Madogo nimeshaongea naye."

"Wanasubiri uvimbe ushuke, baba," nikasema.

"Wanasubiri mguu uoze waukate. Nani hajui? Na wasipoukata watatia chuma. Chuma hakikai mwilini. Kitashika kutu."

"Hakishiki kutu. Nimeuliza."

"Umeuliza! Na umeuliza nani atamwoa msichana mwenye chuma gotini?"

"Fundi wa kuchomelea, baba," mdogo wangu akasema kwenye mto wake.

Mama wa kitanda cha pili aliangua kicheko, akaomba radhi, akaangua tena. Hata baba mdogo mdomo wake ulicheza, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Akanigeukia mimi.

"Wewe uliishia la saba. Ile karatasi yao ya Kiingereza utajua imeandikwa nini? Utatia sahihi gizani, na mguu ni wa mtoto wa ndugu yangu."

Alijua pa kupiga. Watu wote wanaonijua wanajua pa kupiga. Lakini miaka kumi na sita ya kupigwa mahali pamoja inapafanya pawe sugu.

"Kweli sikuijua yote," nikamwambia. "Kwa hiyo nilimwomba nesi anisomee mstari kwa mstari. Kila nisipoelewa nilimsimamisha. Nilimsimamisha mpaka watu walio nyuma yangu wakaanza kusonya. Wao wamesoma, baba, wametia sahihi wakaenda. Mimi naweza kukuambia karatasi ile inasema nini. Inasema kidonda kinaweza kuoza. Inasema goti linaweza kuwa gumu. Hakuna mahali iliposema litakuwa kama zamani. Nimeyajua hayo yote na nimetia sahihi jana. Ukitaka kumtoa hapa, anza kunitoa mimi."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, upande wa mlango.

Baba mdogo akaenda kumwambia mwenye gari aondoke, akarudi, akakaa kwenye sakafu mpaka muda wa wageni ulipokwisha. Aliondoka bila kuniaga mimi. Lakini kwa mdogo wangu aliaga, akamshika kichwa na kumwombea dua.

Siku ya tisa, nesi alipofungua bandeji, ngozi iliyo chini ya goti ilikuwa na mikunjo kama kitambaa kilichokamuliwa. Nilisubiri nesi aseme mwenyewe.

Walimwingiza asubuhi, wakamtoa adhuhuri. Kesho yake daktari alinionyesha picha mpya. Bamba lilikuwa jeupe kuliko mfupa, na skrubu zimepangwa chini ya ile meza kama meno ya chanuo. Meza ilikuwa imenyooka. Niliitazama picha ile kuliko ninavyotazama picha za watu.

Mguu usikanyage kabisa kwa miezi karibu mitatu. Lakini goti likunjwe na kunyooshwa kila siku, lisisubiri, kwa sababu goti lililolala hujifunga. Hayo tuliambiwa na mama wa mazoezi ya viungo, mwanamke mpole wa sauti ya chini ambaye alikuwa na mikono kama ya mtwanga mahindi. Siku ya kuruhusiwa alitupa maelekezo mengi. Magongo yashikwe hivi. Choo kiwekewe kiti. Mkunje mara kadhaa kwa siku, akilia mkunje. Mkimlaza, msiweke kitu chini ya goti. Kidonda kikinuka, mrudi siku hiyohiyo.

Yote niliyasikia. Moja niliamua mwenyewe kuwa halituhusu.

Nyumbani kwetu kuna takia dogo la sufi. Mama alilijaza mwenyewe kwa sufi aliyookota, akalishona kwa mkono, na mtu yeyote akiugua lilitolewa sandukuni akalilalia. Homa ya malaria, takia. Surua, takia. Mama alipokuwa hai lilitolewa na yeye, alipokufa nikawa nalitoa mimi. Wadogo zangu wote wamepona juu ya takia hilo, nami kila nilipolitoa nilihisi kuna mtu mwingine mzima ndani ya nyumba ananisaidia. Msichana alipofika na mguu wake wenye uzi mweusi wa mshono, nilifungua sanduku kabla sijamfungulia maji ya kunywa. Nikaliweka chini ya goti. Uso wake ukalegea. Akalala usingizi wa kwanza wa maana tangu aumie.

Nilidhani mama yule wa mazoezi alimaanisha mito yao migumu ya hospitali. Takia la mama si kitu cha kukatazwa.

Kukunja hatukukosea. Nilimkalisha kwenye kinu kilichopinduliwa, mguu ukining'inia, nikamshika kifundo nikausukuma nyuma. Mbele ya mlango, mchana kweupe, maana ndani hamna nafasi. Alipiga makelele, akanitukana, akanitania, akanitukana tena.

"Dada, siku utakapokufa nitavaa nguo nyekundu."

"Vaa. Kunja."

"Nitapika pilau."

"Kunja kwanza ndiyo uweze kuchuchumaa jikoni."

Majirani walipita wakisikitika. Kwetu mfupa uliovunjika hufungwa usiguswe siku arobaini, na mimi nilikuwa nauchezesha mbele ya watu. Walisema nina moyo wa jiwe. Walisema mtu aliyelelewa bila mama hajui kulea. Nililisikia hilo kwa masikio yangu, likisemwa na mwanamke ambaye watoto wake wawili nimewahi kuwanyoa na kuwaogesha. Nikaendelea kusukuma kifundo. Mdogo wangu wa kiume aliye Garsen alileta vipande vya mpira wa tairi akavipigilia chini ya magongo, yasizame kwenye udongo. Goti likakunjika, wiki hadi wiki, mpaka likafika pembe ya kuketi kitini. Nilijivuna. Sitaficha.

Baada ya wiki sita tukarudi Malindi. Mfupa ulikuwa unashika vizuri, daktari akafurahi. Tukaingia kwa mama wa mazoezi. Akamkunja, akanisifu. Kisha akamlaza chali, akamwambia anyooshe, na akapitisha mkono wake chini ya goti. Mkono ukapita mzima, hadi kwenye saa.

Akapitisha tena.

"Hapa mkono haupaswi kupita," alisema. "Analalia nini?"

Mdogo wangu alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu aumie hakuwa na mzaha.

"Takia," nikasema. "La mama yetu."

Hakunikaripia. Ingekuwa rahisi kama angenikaripia. Aliniambia goti linapowekewa kitu laini chini yake linapata raha, na katika raha hiyo mishipa ya nyuma inajifupisha, na ikishajifupisha mguu haunyooki tena. Mguu usionyooka ni mfupi kuliko mwenzake. Atachechemea maisha, na meza yote ile iliyoinuliwa italika upande. Alisema nina mwezi mmoja, mmoja na nusu. Mguu usiponyooka ndani ya muda huo, daktari atamlaza tena.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimeyapakata magongo yake. Nilikuwa nimepigana na baba mdogo, na kijiji, na mto. Sahihi niliitia bila kutetemeka. Kumbe huku nyuma mkono wangu mwenyewe ulikuwa unauharibu mguu kila nilipomlaza, kwa upendo, na nikijisifu. Tulipofika ukingoni, baba mdogo alikuwa anasubiri na mtumbwi.

"Wamesemaje?" akauliza.

Ningeweza kumwambia mfupa unashika. Ilikuwa kweli.

"Nimekosea, baba," nikasema. "Nilimwekea takia chini ya goti na nilikatazwa. Sasa halinyooki."

Nilimngojea aseme. Alikuwa na haki ya kusema, na alikuwa na maneno ya kutosha aliyoyaweka tangu Malindi. Alipiga kafi mara mbili tatu.

"Linanyooshwaje?" akauliza.

Linanyooshwa hivi. Mgonjwa analala chali. Kitu kinawekwa chini ya kisigino, juu kiasi, ili goti lining'inie bila kushikiliwa. Juu ya goti unaweka uzito. Kisha unasubiri. Hakuna kusukuma, hakuna cha kufanya kwa mikono, na ndiyo maana ni vigumu kuliko kukunja. Unakaa tu hapo, mtu unayempenda anatetemeka, na kazi yako ni kutokuondoa kitu.

Kitu cha chini ya kisigino nilichagua takia lilelile. Wengine walisema nilichome. Sikuona sababu. Lilikuwa halijakosa, lilikuwa limewekwa mahali pasipo pake. Uzito ulikuwa mfuko wa mchele wetu wenyewe, kwanza kibaba kimoja, baadaye viwili.

Siku ya kwanza hakupiga kelele kama kwenye kukunja. Alilia kimya, machozi yanaingia masikioni, na hilo lilinishinda kabisa. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mfuko kuuondoa. Akanidaka kiganja.

"Acha," alisema kwa meno yaliyobana. "Usinihurumie tena. Ulishanihurumia."

Nikaurudisha mkono mapajani.

Siku ya tatu baba mdogo alikuja akaketi upande wa pili wa mkeka. Yule jirani mwenye maneno alipopita akasimama, akatikisa kichwa, akasema, "Jamani, mwamtesa yatima mchana kweupe." Nilikuwa nafungua mdomo, lakini baba mdogo alinitangulia.

"Pita njia yako, mama," alimwambia. "Huyu ana mkubwa wake."

Hakunitazama alipolisema. Aliendelea kuhesabu dakika kwenye simu yake, ambayo alikuwa ameiweka juu ya mfuko wa mchele.

Kila Ijumaa nilipitisha mkono chini ya goti. Ijumaa ya kwanza ulipita mzima. Ya pili uligusa. Ya tatu uliingia kwa kubanwa. Ya tano vidole viliingia hadi kwenye viungo vya kwanza, nikajaribu kuvisukuma zaidi, mdogo wangu akasema, "Dada, unataka kuingia wapi?" Tulipokwenda Malindi, mama wa mazoezi alitia mkono wake, ukakwama kwenye ncha za vidole. Akasema bado kidogo, endeleeni, lakini hatampeleka kwa daktari. Akamruhusu aanze kukanyaga, kwanza nusu ya uzito, halafu wote.

Ilibaki shule. Muhula ulikuwa umeanza, na kati ya nyumba yetu na shule kuna ile ngazi ya udongo. Ni virefu virefu vidato vyake, tumeichonga kwa ajili ya watu wenye magoti mawili. Juu yake mtu anashuka kwa kukunja, na chini anaingia mtumbwini kwa kuchuchumaa. Baba mdogo alikuja asubuhi hiyo na pendekezo lake. Atambeba mgongoni. Alikuwa amekwisha kujifunga shuka kiunoni.

"Nimewabeba wakubwa kuliko wewe," alisema. "Panda."

"Baba, ukianguka na mimi, wewe ndiye utakayetiwa vyuma," mdogo wangu akamwambia. "Na wewe hakuna fundi atakayekuoa."

Alimpa sanduku. Gongo moja aliliacha juu, akashika la pili. Akasimama kwenye kidato cha kwanza akiutazama udongo, kama alivyousimamia udongo wa uani siku ile nilipomwachia vidole asimame peke yake, nikiwa na miaka kumi na minne. Akatanguliza mguu wa kushoto. Goti likakunjika, likasita, nikaona ngozi ya kovu ikivutika juu ya chuma, likashika. Akaleta wa kulia. Kidato cha pili. Cha tatu kilikuwa kimelowa, gongo likateleza kidogo, na mkono wangu, bila mimi kuutuma, ukawa tayari kwapani mwake.

"Toa mkono, dada."

"Nimeshika tu."

"Toa. Mimi ndiye mkubwa wa goti hili."

Nikautoa. Nikauweka nyuma ya mgongo na kuushika kwa ule mwingine, maana nilikuwa siuamini. Alishuka vidato saba vilivyobaki. Kwenye mtumbwi hakuweza kuchuchumaa kama sisi, goti halifiki huko na huenda halitafika, kwa hiyo aligeuka, akaketi kwenye ubao kwanza, kisha akaingiza mguu wa kulia, na wa kushoto akaulaza mbele yake. Ulinyooka.

Baba mdogo akasukuma mtumbwi. Nilibaki ukingoni na gongo lile moja mkononi, na nilikuwa bado nauangalia mguu ule ulionyooka walipofika katikati ya maji.